Arosto Huisha kwa Wiki, Kijiwe Hakiishi

Aliyewahi kumuuguza mtu wa unga, yaani heroini, anaijua arosto, ile dhiki ya kuikosa, kwa macho. Saa nane hadi kumi na mbili tangu kete ya mwisho, miayo inaanza, kisha makamasi, machozi, ngozi kusimama vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo kukata, miguu kurusharusha usiku kucha. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Kufika siku ya saba au ya kumi kijana anaomba uji, anaenda kuoga mwenyewe, na mama anawapigia simu ndugu kuwaambia mwanawe amepona.

Mama asilaumiwe kwa furaha yake, ila amewahi kidogo.

Tuseme kijana huyu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, kazi yake Gerezani, kwao Tandika, Dar es Salaam. Amekaa miezi minne kwenye nyumba ya upataji nafuu, zile ambazo mtaani zinaitwa soba. Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi kazini amelipwa, noti ziko mfukoni, anashuka kwenye daladala na kupita kona ya maskani ya zamani. Hakuna mtu aliyemwita. Ameona ukuta na kusikia mtu akiwasha kiberiti, basi. Mara anapiga mwayo, pua inachuruzika, tumbo linasokota. Mwilini hana hata chembe ya heroini, lakini arosto imemshika.

Daktari wa Marekani, Abraham Wikler, aliliona jambo hili miaka ya 1940 katika hospitali ya waraibu huko Lexington, Kentucky. Wagonjwa walioacha kwa miezi kadhaa walikuwa wakikaa pamoja kuzungumzia dawa za kulevya, na katikati ya mazungumzo wanaanza kupiga miayo na kufuta machozi. Ubongo hujifunza. Kila siku kona ile ilifuatiwa na dozi, na dozi hulegeza mwili, kwa hiyo ubongo ukazoea kukaza upande wa pili mapema ili mambo yalingane. Kona ikitokea na dozi isije, ule mkazo unabaki peke yake, na ndio hiyo arosto ya pili. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba hana msimamo ni sawa na kumgombeza mwenye njaa kwa kudondokwa mate akinusa pilau.

Nguvu ya mahali ilionekana wazi zaidi baada ya vita vya Vietnam. Karibu askari mmoja kati ya watano wa Marekani waliokuwa kule alisema alikuwa mraibu wa heroini. Serikali ikaogopa mafuriko ya waraibu mijini. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia waliporudi: kati ya waliokuwa waraibu Vietnam, takriban asilimia 5 tu ndio waliorudi kwenye uraibu ndani ya mwaka wa kwanza. Wenyewe walikuwa walewale, ila vijiwe na wauzaji walibaki ng'ambo ya bahari.

Fundi wetu hana bahari ya kuvuka. Anarudi chumba kilekile, na aliyekuwa akimuuzia bado anamsalimia kwa jina. Ndiyo maana wanaowasaidia waraibu hawamwombi ajikaze. Wanamuuliza maswali madogo yanayochosha: unapita njia gani? Namba za nani bado ziko kwenye simu? Siku ya malipo hela anashika nani? Hamu ikija saa mbili usiku, unamgongea nani mlango? Majibu yanatakiwa yawepo kabla, kwa sababu hamu ikishapanda, ile sehemu ya ubongo nyuma ya paji la uso, inayopima faida na hasara, ndiyo inayozidiwa kwanza.

Na hamu hupanda ikashuka. Mwanasaikolojia Alan Marlatt aliifananisha na wimbi, akawafundisha wagonjwa wake kuliangalia linavyoinuka na kuvunjika badala ya kupigana nalo. Mara nyingi ni dakika, wala si siku nzima. Mtu aliyeshiba na kulala vizuri, asiye na hasira wala upweke, hulipita kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu chakula cha mchana ni sehemu ya tiba, ingawa hakiandikwi kwenye cheti.

Kuna kipindi kingine ambacho familia hukielewa vibaya. Heroini ilikuwa ikimwaga dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba kitu fulani kina maana, kwa kiasi ambacho maisha ya kawaida hayafikii. Ikikatwa, kwa wiki na miezi hakuna kinachonoga. Mpira anautazama kama anatazama ukuta, usingizi unakatika, mke anasema mume wake amekuwa jiwe. Hali hiyo kwa kawaida hufifia taratibu. Ila isipofifia, au akianza kuzungumzia kufa, hiyo huenda ni sonona, na sonona ina matibabu yake hospitalini.

Wapo ambao bila dawa ya hospitali hawatulii, na si aibu. Kliniki ya kwanza ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, zikafuata za Mwananyamala na Temeke. Mgonjwa anakunywa kikombe chake mbele ya mhudumu, na anaweza kusemeshwa kidogo ili ionekane amemeza. Dozi moja inazuia arosto kwa siku nzima bila kumlewesha aliyepimiwa sawasawa. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha unga kwa unga. Siungi mkono. Mwenye unga huamka akiwaza hela ya kete. Huyu akishakunywa yuko huru kwenda kazini.

Hatari kubwa iko kwa aliyekaa muda mrefu bila kutumia. Mwili umeshasahau uzoefu wake, na kete aliyokuwa akiimudu zamani sasa inaweza kumsimamisha pumzi. Akikutwa anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, hashtuki akitikiswa, kumwagia maji ndoo nzima hakusaidii. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali, ambako kuna dawa ya sindano, naloksoni, inayoondoa heroini kwenye vipokezi vyake. Na akirudia kutumia, arudi kliniki kesho yake. Shinikizo la damu nalo hupanda tena kwa anayetibiwa, na hakuna anayemfukuza nyumbani kwa hilo.

Jumamosi inayofuata fundi analipwa saa kumi. Kabla hajanawa grisi anamtumia dada yake hela zote kwa simu, anabakiza nauli. Anashuka vituo viwili kabla ya stendi, anazunguka kwa nyuma.

"Mbona umechelewa?" dada anauliza.

"Nimepita mbali, dada. Chakula kipo?"