ATOMU MOJA NA HESABU YA NURU

Wako wenzetu waulizao: mtu anayeshinda na karatasi na kalamu, ajenga nini? Swali hili si la kudharauliwa, kwani mfanyakazi ana haki ya kujua jasho lake lamlisha nani. Leo na tulijibu kwa habari ya nuru.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman, huko California, mwaka 1960. Lakini msingi wake ulikwisha wekwa kwa hesabu na Albert Einstein mwaka 1917. Leza ya kawaida hutumia atomu nyingi mno, na punje za nuru, ziitwazo fotoni, hutoka bila zamu: wastani ukiwa 100, mara huhesabiwa 90, mara 110.

Mwaka 1992 Yi Mu na C. M. Savage, wakiwa Australia, walipiga hesabu za leza yenye atomu moja tu. Tutwae mfano wa hamali wa bandarini. Akiisha kutua gunia, hana budi arudi kuchukua jingine. Hawezi kutua mawili kwa mara moja. Vivyo hivyo atomu moja ikiisha kutoa fotoni, hungoja ipewe nguvu upya. Tena fotoni hukaa kwanza kati ya vioo viwili, kama magunia ghalani. Kwa hiyo mwenye hesabu hupima mambo manne: atomu yapewa nguvu upesi kiasi gani, yashikana na nuru kwa kadiri gani, nuru yapenya vioo kwa kasi gani, na nyingine yapotea pembeni kiasi gani. Hayo ndiyo yaamuayo kama fotoni zitatoka kwa zamu au ovyo.

Jibu la mikono lilipatikana mwaka 2003. Kundi la H. Jeff Kimble, katika California Institute of Technology, lilinasa atomu moja ya sesiamu kati ya vioo viwili, ikatoa nuru ya leza. Fotoni zilipohesabiwa, zilionekana zafuatana kwa utaratibu kuliko zile za leza ya kawaida.

Ndugu, hesabu ilitangulia kwa miaka 11. Lakini bila mafundi wa vioo na wa vyombo vya kuhesabia, ingalibaki karatasini. Basi mwenye nyundo asimcheke mwenye kalamu, wala mwenye kalamu asijitukuze. Hamali bila karani hajui alichopakua; karani bila hamali hana cha kuandika.