Makelele na bei ya kiungo mkabaji

MSHABIKI atokaye uwanjani huulizwa nani kafunga. Ni nadra kuulizwa nani kazuia. Ndiyo maana kiungo mkabaji, ambaye vijiweni huitwa namba sita, ni mchezaji mgumu kuliko wote kumpangia bei.

Mfano ulio bayana ni Claude Makelele, Mfaransa aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1973. Alijiunga na Real Madrid mwaka 2000 akitokea Celta Vigo, na katika misimu yake mitatu klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Hispania mara mbili na Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mwaka 2002. Pamoja na hayo, mshahara wake ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na wa akina Zinedine Zidane na Luis Figo. Alipodai nyongeza mwaka 2003 alikataliwa, akauzwa Chelsea. Majira hayo hayo Madrid ilikuwa imemnunua David Beckham.

Je, kazi yake ilikuwa ipi hasa? Beki wa kushoto, Roberto Carlos, alikuwa akipanda mbele kama winga na kuacha uwazi nyuma yake. Makelele ndiye aliyeuziba. Akishaunasa mpira, alitoa pasi fupi kwa Zidane, basi. Mtazamaji wa televisheni angeweza kudhani mtu huyu hana analofanya, kwa kuwa kamera hufuata mpira, ilhali yeye sehemu kubwa ya kazi aliimaliza kabla mpira haujafika.

Hapo ndipo takwimu zinapopotosha. Kiungo anayeteleza chini kunyang'anya mpira mara kumi katika mchezo mmoja hushangiliwa, lakini huenda ndiye aliyechelewa kufika mara kumi. Aliyesimama mahali panapostahili humlazimisha mpinzani kurudisha mpira nyuma, na hilo haliandikwi popote. Anayetaka kumpima vyema amtazame wakati timu yake inashambulia: amesimama wapi, na mpira ukipotea ni nani wa kwanza kumkabili adui? Kisha alinganishe hesabu za timu akiwepo na asipokuwepo.

Hesabu za Madrid zinatisha. Msimu wa 2002/03 ilifungwa mabao 42 katika ligi na kuwa bingwa. Msimu uliofuata ilifungwa 54, ikapoteza mechi tano za mwisho mfululizo na kuangukia nafasi ya nne. Ni kweli kwamba nahodha Fernando Hierro na kocha Vicente del Bosque nao waliondoka mwaka 2003, hivyo si haki kumtwisha Makelele sababu zote. Hata hivyo, ubingwa wa Hispania haukurejea Madrid hadi mwaka 2007.

Chelsea, kwa upande wake, ilifungwa mabao 15 tu katika mechi 38 za msimu wa 2004/05 chini ya Jose Mourinho, ikatwaa ubingwa iliousubiri kwa miaka 50. Frank Lampard, aliyekuwa huru kupanda kwa sababu nyuma palikuwa na mlinzi, alifunga mabao 13 ya ligi msimu huo.

Makelele mwenyewe alifunga mawili tu ya ligi katika miaka mitano. La kwanza lilikuwa dhidi ya Charlton mwezi Mei 2005, siku ambayo Chelsea ilikabidhiwa kombe: alipiga penalti dakika za mwisho, kipa akaipangua, naye akaumalizia mpira uliorudi.