Mgeni njoo, lakini mwenyeji naye apone

WAHENGA walinena, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Methali hii imenijia mara nyingi tangu Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipokabidhiwa uandalizi wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kwa ajili ya mgeni huyo, Machi 2024 liliwekwa jiwe la msingi la uwanja wa Talanta, kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, uwanja uliokusudiwa kuwatosha watazamaji 60,000.

Siupingi uwanja. Ninachouliza ni hiki: watazamaji hao watafikaje, na watarudije makwao?

Walimu wa hisabati na wawape wanafunzi zoezi hili. Iwapo nusu ya watazamaji, yaani 30,000, watapanda matatu za abiria 14, zitahitajika safari zipatazo 2,143 kuwafikisha, na nyingine kama hizo kuwarudisha. Zote zitaingia katika barabara ile ile wanayoitegemea wakazi wa Dagoretti na Karen, na magari yanayowakimbiza wagonjwa Hospitali ya Kenyatta.

Jioni moja ya mechi nilikwama katika matatu karibu na uwanja wa Nyayo. Kando yangu aliketi mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akienda kufanya mtihani wa masomo yake ya jioni. Aliitazama saa yake mara kadhaa, kisha akalipa nauli ya safari asiyoimaliza, akashuka na kushika njia kwa miguu. Sikujua kama aliuwahi mtihani.

Kuna watakaosema kwamba mechi ni za siku chache, hivyo raia wavumilie. Hoja hiyo haina mashiko. Mashindano ni ya majuma machache, ilhali uwanja hudumu vizazi. Uwanja wa Kasarani ulifunguliwa 1987, na Barabara Kuu ya Thika iliyopanuliwa ikazinduliwa 2012. Miaka 25 ni muda mrefu mno wa kuvumilia.

Dawa ipo. Reli ipitayo Kibera kuelekea Kikuyu haiko mbali na Talanta. Treni za ziada zipangwe siku za mechi. Njia za waendao kwa miguu ziwe pana na zenye taa. Magari ya wagonjwa yatengewe njia isiyofungwa. Mpango unaoanza kwa kuhesabu maegesho huwatazama wenye magari, na kuwasahau walio wengi wasionayo.

Nami kama mwanaisimu, sina budi kuongeza neno moja. Kitenzi “apone” hakitoi taarifa, hueleza matakwa. Wahenga hawakusema kwamba mwenyeji atapona. Walitaka apone, wakatuachia sisi kazi ya kuhakikisha kwamba anapona.