Theluji Imejaa Mlangoni, Joto la Dunia Liko Wapi?

Swali hilo huibuka kila theluji inapozidi kipimo, tena kwa kejeli: "Si mlisema dunia inapata joto?" Nimelisikia kazini, nimelisikia kwenye basi, na nimelisikia nyumbani kwangu, kutoka kwa mtu ninayempenda kuliko wote. Kama wewe na mwenzio mnaishi ughaibuni kwenye baridi, naamini nanyi mmeshabishana.

Sisi lilitukuta Februari 2010, Washington, D.C. Mimi ni mtoto wa Moshi, mume wangu ni wa Tanga. Kwa kawaida mji ule hupata kama sentimita 35 za theluji kwa msimu mzima. Msimu ule zilianguka 142, rekodi ya mji! Dhoruba ya tarehe 5 na 6 peke yake iliacha sentimita 45 kwenye uwanja wa ndege wa Reagan, na 82 kule Dulles. Siku chache baadaye ikaja nyingine. Ofisi za serikali kuu zikafungwa siku nne mfululizo.

Jamani, tulifaidi! Mume wangu, ambaye hata kiyoyozi humkera, alivaa soksi jozi tatu, akabeba sinia letu la pilau na kwenda kuteleza nalo kilimani. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano, kwa hiyo nikabaki mpiga picha. Hakuna foleni, hakuna bosi, hakuna "nimechelewa mke wangu". Ni chai ya tangawizi na stori mpaka usiku. Kuna wapenzi wanaolipia hoteli ili wapate siku kama hizo.

Basi siku ya pili, yuko dirishani na kikombe chake, akaniambia, "Mama, hilo joto lenu la dunia limefunikwa na theluji." Hakuwa peke yake. Wiki ile familia ya aliyekuwa seneta wa Oklahoma, James Inhofe, ilijenga kibanda cha theluji katikati ya mji na kukiita nyumba mpya ya Al Gore. Watu walicheka kweli.

Mimi sikucheka sana. Wiki hiyohiyo, Vancouver nchini Kanada, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa inaanza, na theluji hakuna! Januari yao ilikuwa imevunja rekodi ya joto, ikabidi theluji ibebwe kwa malori na helikopta hadi kwenye mlima wa Cypress. Nilipompigia mama Moshi na kumsimulia, akauliza, "Kumbe barafu yetu imehamia huko?" Alikuwa anatania, lakini utani ule uliniingia. Kati ya 1912 na 2007, Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake lililofunikwa na barafu.

Nikamwambia mume wangu hivi. Ukinuna leo asubuhi, siwezi kusema nimeolewa na mtu mkali. Hiyo ni hali ya hewa tu, ya siku moja. Tabia yako naijua kwa kukaa na wewe miaka. Na tabianchi ni hivyo hivyo, wataalamu huipima kwa miaka 30. Tena hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Ikikutana na baridi ya kutosha, mvuke huo hushuka kama theluji nyingi. Kwa hiyo dhoruba kubwa haikanushi joto.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa tusifurahi?"

Hapo ndipo penyewe. Tufurahi, bwana! Kununa ndani hakuponyi barafu hata tone. Ila kicheko kisitufumbe macho. Mtoto wetu alizaliwa Juni ile, na 2010 ikaingia kwenye orodha ya miaka yenye joto kali kuwahi kupimwa. Baadaye rekodi zikavunjwa tena na tena, hadi 2024 ikazipita zote. Na pale Reagan, msimu wa 2022–2023 ulileta takriban sentimita 1 tu. Kijana wetu aliuliza theluji itakuja lini, nikakosa jibu la kumpa.

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, theluji nzito ikiwakuta huko mliko, zimeni simu, shikaneni mikono, tokeni nje. Pigeni picha kibao. Na jioni mkishapata joto, ongeeni pia kuhusu gari mnalotaka kununua, safari za ndege zisizo za lazima, na kura mtakayopiga. Mapenzi si kufurahia kitu kikiwepo tu. Ni kukitunza ili na watoto wakikute.