Hewa Safi na Baridi kwa Injini Kuukuu: Bomba la Hewa la Kujitengenezea



Vikundi vingi vya akiba katika mashamba na viwanda vya Kasese vina gari kuukuu la pamoja. Mara nyingi ni pikapu ya Peugeot au Datsun, au Land Rover ya petroli, yenye injini ya kabureta. Gari hilo hupeleka pamba kuuzwa, huleta mahindi kutoka Mubuku, na usiku hukimbiza mgonjwa au mama mwenye uchungu wa uzazi hospitali. Limenunuliwa kwa shilingi zilizotolewa katika mishahara midogo. Injini yake ikifa, akiba ya mwaka mzima imekwenda.

Katika matawi yetu ya Karusandara na jirani zake, mafundi wengine wanawashawishi wanachama watoboe boneti na kufunga mdomo wa bati unaotazama mbele. Wanasema upepo wa mwendo utasukumwa ndani ya injini na gari litapanda mlima kama jipya. Bei wanayotaka si ndogo. Maneno hayo yana ukweli kidogo na chumvi nyingi. Hatuna budi kuvitenga viwili hivyo kabla kikundi hakijatoa hata shilingi moja.

WAZO HILI LIMETOKA WAPI

Limetoka Marekani. Katika miaka ya 1960 makampuni ya huko yalishindana kutengeneza magari ya vijana yenye injini kubwa za silinda nane. Kampuni ya Pontiac iliuza gari la GTO, na mwishoni mwa miaka hiyo mnunuzi aliweza kuongeza fedha apate mpango wa hewa ulioitwa Ram Air, wenye matundu juu ya boneti. Magari yale yalikimbia katika barabara za lami, na mwenye nayo hakuwa na haja ya kubeba magunia.

Kwetu Afrika Mashariki shule ya magari ilikuwa mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyashinda mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, kila mara akiendesha Datsun. Toyota Celica zilizoshinda kuanzia 1992 hadi 1995 zilikuja na bomba refu la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele. Bomba lile halikuwekwa kukamata upepo. Liliwekwa ili injini isinywe maji na matope. Hilo ndilo somo linalotufaa sisi.

INJINI INAKULA NINI

Tunapozungumza juu ya chakula cha injini tunafikiri petroli tu. Lakini kilo 1 ya petroli haiwezi kuungua vizuri bila kilo 15 hivi za hewa. Injini ya lita 2, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na mafuta yamekanyagwa mpaka chini, huvuta karibu lita 3,000 za hewa kwa dakika moja. Hayo ni mapipa 15 ya lita 200. Kwa hiyo hewa chafu kidogo tu huwa uchafu mwingi ikifika jioni.

Tukumbuke pia kwamba tunaishi karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kwetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu 10 katika 100. Gari lile lile lenye mzigo ule ule lina nguvu zaidi Mombasa kuliko hapa, na fundi hana kosa katika hilo.

UPEPO WA MWENDO UNA NGUVU GANI

Sasa tupige hesabu. Pikapu ikienda kilomita 60 kwa saa, upepo unaoipiga usoni unaongeza kani ya hewa kwa chini ya sehemu 1 katika 500. Ikienda kilomita 100 kwa saa, haifiki sehemu 1 katika 200. Hata gari la mashindano likienda kilomita 200 kwa saa, nyongeza haifiki sehemu 2 katika 100. Tena pikapu yetu inapopanda mlima na mzigo huenda kilomita 30 tu, na hapo upepo wa mwendo ni kama hakuna.

Kwa hiyo anayeuza upepo wa mwendo anauza kitu ambacho gari letu haliwezi kukipata.

FAIDA YA KWELI NI UBARIDI

Lakini tusitupe wazo lote. Injini kuukuu nyingi huvuta hewa kutoka ndani ya boneti, karibu na rejeta na ekzosi. Hapo hewa huweza kufika digrii 60, na huku nje ni digrii 30. Hewa ya moto hutanuka, ikawa nyepesi. Kwa kila digrii 3 unazopunguza, hewa inaongezeka uzito kwa karibu sehemu 1 katika 100. Tofauti ya digrii 30 ni kama sehemu 10 katika 100, yaani karibu sawa na ile tuliyonyang'anywa na mwinuko wa nchi yetu.

Hatusemi nguvu yote hiyo itaonekana, maana hewa hupata moto tena ikipita katika kabureta na bomba la kuingilia silinda. Lakini sehemu yake itapatikana, hasa gari likipanda polepole mchana wa jua kali, na kazi hiyo haihitaji kutoboa boneti. Inahitaji bomba tu.

VITU VINAVYOTAKIWA

Bomba la mpira la kunyumbuka, au bati la debe la mafuta lililokunjwa likawa bomba, lenye upana wa inchi 3 hivi. Tundu lake lisiwe dogo kuliko pua ya kikopo cha chujio. Klipu za kukaza nne. Kipande cha wavu wa chuma wenye matundu madogo. Waya, misumari ya kuminya bati, na vipande vya mpira wa tairi la ndani. Vingi vya vitu hivi vinapatikana katika gereji kwa bei ya chakavu.

KAZI YENYEWE

1. Zima gari, liache lipoe, ondoa waya wa betri. Fungua kikopo cha chujio la hewa ukitazame. Kama chujio limechanika au mpira wake umekauka, nunua chujio jipya kwanza. Bomba zuri mbele ya chujio bovu ni kazi bure.

2. Tafuta mahali pa kuweka mdomo wa bomba. Mahali pazuri ni nyuma ya grili, kando ya rejeta, juu kadiri iwezekanavyo. Usiuweke nyuma ya rejeta kwa sababu hewa iliyopita hapo imekwisha pata moto. Usiuweke chini ya bampa kwa sababu utavuta vumbi la magurudumu na maji ya madimbwi.

3. Pima njia kutoka hapo hadi pua ya kikopo. Bomba liwe fupi, kona ziwe chache na za mviringo. Lisiguse ekzosi, feni wala mkanda wake. Bomba la plastiki la maji ya mvua hulainika kwa joto, kwa hiyo liwe mbali na ekzosi au lisitumike kabisa.

4. Mdomo uelekee upande au chini kidogo, usitazame mbele moja kwa moja. Tumekwisha ona kwamba upepo wa mbele hauna faida kwetu, bali unaleta mvua, wadudu na mchanga. Funika mdomo kwa wavu.

5. Mahali palipo chini kuliko pote katika bomba toboa tundu la milimita 6, maji yakiingia yapate kutoka. Tundu hilo liwe kabla ya chujio, kamwe lisiwe baada yake.

6. Unganisha bomba na pua ya kikopo kwa mpira na klipu. Lifunge bomba kwa waya katika bodi, kisha acha kipande cha mpira kati ya bomba na injini, kwa maana injini hutikisika na bati litakatika.

7. Baina ya chujio na kabureta usiongeze wala usitoboe kitu. Tundu la kupumulia la kabureta usilizibe.

MAMBO MATATU YA KUOGOPA

La kwanza ni vumbi. Vumbi la barabara ya murramu lina chembe za mchanga ngumu, zinazokwaruza silinda na kula ringi za pistoni. Wako wanaotoa chujio ili gari livute. Litavuta kweli kwa muda, kisha litaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na hapo ni kufungua injini nzima. Kila baada ya wiki moja ya kazi toa mpira wa baada ya chujio, pangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi, kuna mahali panapovuja, patafute siku hiyo hiyo. Chujio la bakuli la oili lioshwe kwa mafuta ya taa mbali na moto, kisha oili mpya ijazwe mpaka alama tu. Ikizidi itavutwa ndani ya injini.

La pili ni maji. Hewa hubanwa na pistoni, lakini maji hayabanwi. Injini ikimeza maji, konrodi hupinda au huvunjika mara moja. Sisi wa Kasese tunaijua mito yetu. Mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yalichukua nyumba na madaraja. Bomba la juu halimpi dereva ruhusa ya kuingia mto uliojaa. Gari likizimika ndani ya maji usijaribu kuliwasha. Livuteni nje, toeni plagi, ndipo mzungushe injini maji yatoke.

La tatu ni mchanganyiko. Hewa ikizidi uzito, petroli huenda ikapungua kulingana nayo. Baada ya siku chache toa plagi uzitazame. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeupe maana yake petroli ni chache na injini inapata moto mno, basi fundi arekebishe kabureta. Nyeusi ya masizi maana yake petroli imezidi au hewa imezibwa.

TUPIME, TUSIAMINI MANENO

Kabla ya kufunga bomba, chukueni gari na mzigo unaojulikana, mpande barabara ya Kilembe kutoka mjini Kasese, mkihesabu dakika kwa saa kati ya alama mbili. Fanyeni hivyo mara tatu, saa ile ile ya mchana, dereva yule yule. Jazeni tangi mpaka juu na mwandike petroli iliyotumika. Mkimaliza kufunga bomba, rudieni vilevile. Katibu aandike hesabu zote katika daftari la kikundi na kuzisoma mkutanoni. Kama hakuna tofauti, hamkupoteza kitu zaidi ya bati na klipu. Kama fundi anakataa kazi yake ipimwe hivi, msimpe fedha za wanachama.

NA KIFUA CHA MFANYAKAZI JE?

Tunapomaliza, tungependa kila tawi litafakari jambo moja. Injini ya gari imepewa chujio, na dereva huulizwa kama halikubadilishwa. Mwenzetu anayefagia vumbi la saruji au anayelisha mashine ya kuchambua pamba anavuta hewa saa nane, na mapafu hayana duka la vipuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumlipisha mfanyakazi. Barakoa iliyochakaa ni sawa na chujio lililochanika. Wajumbe wa matawi wafanye kama tulivyosema juu ya daftari la gari: waandike ni idara gani ina vumbi, watu wangapi wamepewa barakoa, na siku gani zilibadilishwa mara ya mwisho. Orodha hizo ziletwe katika mkutano ujao wa tawi, ili tukienda mbele ya mwajiri twende na hesabu mkononi.