Simu zenu hazijuani, lakini picha zaweza kulingana

Simama Feri, upande wa kisiwani, utazame Likoni. Funga jicho moja, kisha lingine. Mchuuzi aliye karibu nawe ataruka pembeni. Minazi ya ng'ambo itaonekana imetulia tu. Hivyo ndivyo macho mawili yanavyopima umbali, na kompyuta hufanya vivyo hivyo ikipewa picha mbili.

Shida ni kwamba simu yako na ya beshte yako hazijuani. Lenzi ni tofauti, moja imeinama, nyingine imeinuka. Kwa miaka mingi ilibidi kamera ipimwe kwanza. Mwaka 1992, Olivier Faugeras, na kando yake Richard Hartley na wenzake, walionyesha kwamba si lazima. Picha zenyewe zinaweza kulinganishwa.

Vipi? Tafuta pointi nane au zaidi zinazoonekana kwenye picha zote mbili. Kompyuta itakokotoa kila pointi ya kushoto iko kwenye mstari gani wa picha ya kulia. Halafu inazipinda picha hadi mistari yote ilale sambamba. OpenCV, programu ya bure, inaifanya kazi hiyo.

Ila kuna mitego. Usichague pointi kwenye feri yenyewe; ukipiga picha ya pili itakuwa imeshasonga, na hesabu zitaharibika. Usigeuze simu tu palepale ulipo, piga hatua pembeni. Na pointi zote zisitoke kwenye ukuta mmoja bapa.

Sasa toka Feri uende Mji wa Kale. Huko roshani zimechomoza juu ya vichochoro, kwa hivyo pointi si za ukuta mmoja, na hakuna kinachosonga. Fort Jesus, iliyojengwa 1593 hadi 1596, iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2011. Nyumba ya bibi yako haimo, na mbao zake zinaoza.

Piga picha, kisha chukua futi ya fundi. Picha pekee hazitoi vipimo, na umbo laweza kutoka limepinda. Pima upana na urefu wa mlango, pima roshani ilivyochomoza, uandike.

Halafu fungua albamu ya nyumbani. Nyumba iliyokwisha kubomolewa, ikiwa ilipigwa picha mbili kutoka pande tofauti kidogo, bado inaweza kulinganishwa. Kamera zilishapotea, hakuna wa kuzipima. Ndiyo maana mbinu hii ina thamani kwetu.