Anayeshika Kamba ya Punda

Vichochoro vya mji mkongwe wa Lamu ni vyembamba mno: punda mwenye shehena akija, mpita njia hujibana ukutani kumpisha. Gari halina pa kupita. Saruji, mchanga, mawe ya matumbawe na magunia ya unga yanayoshushwa jahazini hupanda hadi majumbani kwa mgongo wa punda, na anayemfuata nyuma, fimbo mkononi, mara nyingi ni kijana.

Kijana huyo ana uwezo mkubwa juu ya mnyama kuliko daktari yeyote. Asubuhi, kabla ya kutandika shogi, anaweza kupitisha kiganja taratibu kutoka mabegani hadi kiunoni. Palipochubuka, punda atatetemesha ngozi au kulaza masikio. Ni dalili ndogo, na ni rahisi kuzikosa, kwa maana punda hufahamika kwa kuficha maumivu. Mababu zake wa mwituni wakionyesha udhaifu waliliwa. Mjini watu humwita mkaidi. Wengi wa hao wakaidi wamesimama tu kwa sababu wanaogopa au wanaumwa.

Kisha kuna kamba. Ya nailoni hukata ngozi, hasa ikiloa jasho, na kidonda chake hakiponi iwapo kila siku kinasuguliwa upya. Kipande cha gunia safi kikizungushiwa mahali inapogusa mwili, au tandiko nene likiwekwa chini ya shogi, tatizo hupungua bila gharama ya maana. Mzigo ulingane pande zote mbili. Maji yapatikane mchana kutwa, si jioni tu. Na punda ambaye hajafikisha miaka minne aachwe kwanza, mifupa yake haijakomaa.

Mwaka 1987 shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, lililoasisiwa na Elisabeth Svendsen, lilifungua zahanati ya punda Lamu, na matibabu yake ni ya bure. Huandaliwa pia mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, ambayo hayana shangwe za mbio za punda za kwenye tamasha la utamaduni la Lamu. Hata hivyo ndiyo yanayostahili watazamaji zaidi: kushinda mbio kunataka siku moja ya kasi, lakini manyoya yanayong'aa na kwato zilizochongwa vizuri hutaka mwaka mzima.

Baada ya kazi, punda wengi huachwa wazurure wakijitafutia chakula majalalani. Hapo hula maganda ya ndizi pamoja na mfuko ulioyafunga, na plastiki ikiziba utumbo huwasokota tumbo hata kuwaua. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki mwaka 2017, ila vifungashio vingine vingali vimetapakaa. Hata kijana asiyemiliki punda ana la kufanya hapa, jikoni kwao: mabaki ya chakula yasitiwe kwenye plastiki.

Shida kubwa huwa ni mteja mwenye haraka. Mfuko wa saruji una kilo 50, naye anasisitiza uongezwe mmoja juu ya mzigo uliokwisha kujaa. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtwika mnyama kupita kiasi kuwa kosa. Kijana anaweza kumjibu mteja kwa adabu kwamba mfuko huo utakuja safari ya pili, na safari ya pili ina malipo yake.